Kichwa Kije Mwisho

9 Machi

Dada yangu mpendwa,

Nimekupigia simu, umekata, ukanitumia ujumbe wa neno moja: "Andika." Haya, naandika, kama mtu anayechumbia. Natumaini barua hii inakukuta mzima na cherehani yako nzima. Mimi sijambo, ukiacha mafua na maji yanayonitoka puani kila nikiinama kufunga kamba za viatu. Chumba ni kile kile, jirani wa juu bado anaburuta viti utadhani anahama kila jioni, na mapishi yamenishinda, nakula mkate na chai. Baba anaendeleaje? Mpe salamu zangu zote. Mwambie aniandikie mstari mmoja tu kwa mkono wake, hata wa kunigombeza.

Sasa sikia. Kazini kumeingia jambo. Shughuli yangu unaijua: asubuhi naingia kwenye kayaki, kile kimtumbwi chembamba cha mtu mmoja, napiga kasia kulizunguka bwawa, najaza maji kwenye chupa katika sehemu zilizowekwa alama, nazipeleka maabara. Boti ya injini hairuhusiwi, kwa sababu maji haya ndiyo wanayoyanywa watu wa mjini. Miaka yote hiyo hakuna aliyetuuliza kama tunajua kujiokoa. Sasa mwezi wa kwanza mwenzetu mmoja, yule mrefu tunayemwita Ngazi, alipinduka chini ya mnara wa kuchukulia maji, kule mbali ng'ambo. Kayaki iligeuka chini juu, naye akabaki humo kichwa chini, miguu imebanwa. Walimtoa akiwa hai. Lakini kazi ameacha, na nasikia hata akiletewa beseni la kunawa anageuza uso.

Ofisi imeshtuka. Imeletwa amri: kila anayeingia majini lazima ajue kuigeuza kayaki na kurudi juu akiwa amekaa humo humo, bila kutoka. Asiyefaulu mtihani haruhusiwi kuvuka maboya mekundu yaliyo karibu na gati. Anabaki nchi kavu kuosha chupa. Na likizo hapati mpaka afaulu. Kwa hiyo ile ahadi yangu ya kuja kukupumzisha ipo pale pale, ila imefungwa kwenye huo mtihani. Nikifaulu tu, nakuja.

Mwalimu wetu ni mama mmoja mfupi, tumempa jina la Kiuno, maana ndilo neno lake. Unapinduka, maji yanakuingia kila tundu, na unaporudi juu unakohoa yeye anapiga kelele, "Kiuno! Kiuno kiko wapi?" Na jambo jingine, usicheke: tunavaa sketi. Ni kitambaa cha mpira kinachobana kiunoni, kisha kinafunika tundu la kukalia ili maji yasiingie. Mwanaume mzima na kitambi changu, natembea juu ya gati na sketi.

Nimechoka, Dada. Umri huu si wa kurudi shule. Ila nitafaulu.

Mdogo wako


2 Aprili

Mdogo wangu,

Barua yako imefika imelowa pembeni, nikaamini kweli unafanya kazi ya maji. Sisi hatujambo. Cherehani nimeitoa sebuleni, siku hizi nashonea chumbani kwa Baba. Kule mwanga ni mzuri. Sare za shule zimejaa kwenye viti vyote, wageni hawana pa kukaa, na ni afadhali, sina nguvu za wageni. Paa la jikoni linavuja pale pale. Baba salamu zako nimempa. Ningempa na kalamu akuandikie, lakini amelala.

Kuhusu sketi nimecheka, na sikuwa nimecheka siku nyingi. Nitumie vipimo nikushonee ya marinda, uwe unapendeza ukizama.

Kuhusu simu, usinune. Simu ikilia Baba anashtuka, na mimi mara nyingi mikono yangu yote miwili ina kazi. Barua inanisubiri mpaka nipate nafasi, hainihesabii siku.

Nina ombi. Hicho kitambaa kisichopitisha maji, huko kwenu kinapatikana? Naomba kipande kipana, cha kutosha kutandika meza kubwa. Ni cha kazi.

Ulisema ukifaulu unakuja. Basi faulu. Sikuharakishi. Hapana, nakuharakisha.

Dada yako


27 Aprili

Dada,

U hali gani? Umepata kile kitambaa? Nimekiokota stoo, kilikuwa cha hema la zamani, nikakiosha na kukianika kwenye uzio mpaka mlinzi akaniuliza kama nimeanza biashara. Nadhani unashona makoti ya mvua. Mwambie Baba nimeona kambare mkubwa kama paja langu, na kwamba safari hii sitii chumvi. Naona hataki kuniandikia. Au bado ana hasira kwamba mwaka jana sikuja?

Huku mambo ni magumu. Wenzangu karibu wote wamefaulu. Mimi na mzee mmoja wa maabara ndio tumebaki na chupa zetu, vidole vimekunjamana kwa sabuni.

Nikueleze zoezi lenyewe lilivyo. Unajipindua makusudi. Uko kichwa chini, maji baridi, kila kitu kijani. Unajikunja mbele mpaka kifua kikaribie kayaki, kasia umelilaza ubavuni. Kisha unalifagia kasia kwenda nje, juu juu ya maji, na wakati huo huo unazungusha kiuno ili kayaki igeuke. Kayaki kwanza, mwili baadaye, kichwa kije mwisho kabisa, sikio limelalia bega kama mtu anayesinzia. Basi, ni hayo tu. Lakini mimi nikiwa kule chini sitaki kiuno, nataka pumzi, na pumzi iko kichwani. Kwa hiyo nakitoa kichwa kwanza. Napata nusu ya pumzi, namwona Kiuno amejishika kiuno chake, na kayaki inanirudisha chini kwa uzito wa hicho hicho kichwa. Ndipo navuta kitanzi cha sketi, natoka nje nikikohoa, tunamwaga maji, tunaanza upya.

Kuna njia nyingine, ya watu wawili. Ukishindwa kugeuka unatulia kule kule chini, unagonga tumbo la kayaki kwa viganja, na mwenzako anakuletea ncha ya kayaki yake uishike, ujiinulie hapo. Sisi tunaita kupiga hodi. Nimejaribu. Kugonga si kazi, kazi ni kungoja. Niligonga, nikakata tamaa, nikavuta kitanzi, kumbe mwenzangu alikuwa ameshafika. Alinikasirikia mno. Alisema, "Sasa uliniita wa nini?"

Basi mtihani bado, na likizo bado. Nivumilie.

Mdogo wako


19 Mei

Mdogo wangu,

Hatujambo, tunashukuru. Kitambaa kimefika na kimefaa kuliko ulivyodhani. Makoti ya mvua, ndiyo. Sare nimezipunguza, watu wengine nimewarudishia vitambaa vyao, macho yananisumbua. Jirani yetu wa duka la vyombo anakusalimu. Siku hizi anaingia asubuhi kunisaidia kunyanyua nyanyua. Baba hana hasira nawe. Nilipomsomea habari ya kambare alitoa sauti. Angekuandikia, amelala.

Nimeisoma barua yako na kusema kweli nimekasirika, kwa sababu unashindwa na jambo ambalo halitaki nguvu na wewe umelipelekea nguvu. Kitu kizito hakigeuzwi kwa nguvu. Hizo nguvu zenyewe tutazitoa wapi kila siku? Sikiliza. Kwanza usimvute kwa mkono, utamtegua bega. Mkono uvukishe kifuani, utulie hapo. Goti la upande wa mbali mkunje, lisimame. Halafu shika nyonga, si bega. Nyonga ikienda, goti linavuta, bega linafuata lenyewe, na kichwa kinakuja mwisho bila hata kukigusa. Ukianza na kichwa, mwili wote unakuwa gunia la saruji, na kesho yake huinuki. Tena usimharakishe. Mwambie unachotaka kufanya, mwache apumue, ndipo umgeuze. Mimi mwanzoni nilikuwa nakwenda kwa pupa, na tulikuwa tunaumia wote wawili.

Jaribu hivyo. Ukifaulu niandikie siku hiyo hiyo, usingoje Jumapili.

Dada yako


8 Juni

Dada,

Natumaini hujambo. Mimi sijambo. Leo sina habari ya jirani wala ya mkate.

Barua yako nilimsomea yule mzee wa maabara tukiosha chupa, kwa sababu ushauri ni mzuri na nilitaka kujisifia dada. Nilipofika kwenye goti akaniuliza, "Kwani kayaki ina goti?" Tukacheka. Halafu nikaendelea kusoma, nikaacha kucheka. Umeandika usimvute. Umeandika mkunje, usimharakishe, mwache apumue. Kayaki hatuisemi hivyo, Dada. Kayaki tunaivuta, tunaigeuza, tunaiosha. Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma. Ukikosea herufi mara moja ni uchovu, lakini hukukosea mara moja.

Nikazitoa barua zako zote. Kila moja inasema Baba amelala. Nami kila mara nimeisoma kama usingizi. Nilikuwa nasema moyoni, mzee siku hizi anapenda usingizi. Cherehani umeihamishia chumbani kwake. Kitambaa kisichopitisha maji, cha upana wa kitanda. Jirani wa kunyanyua nyanyua.

Unamgeuza nani?

Zoezi nimejaribu ulivyosema. Kuna mabadiliko. Mtihani bado. Nijibu upesi.

Mdogo wako


30 Juni

Mdogo wangu,

Namgeuza Baba.

Hatujambo, kama ulitaka salamu kwanza. Mwezi wa kwanza alipata kiharusi, upande wa kushoto wote. Tangu hapo hajainuka. Anasikia, nadhani. Maneno yanamtoka moja moja, na mara nyingi silo alilolitaka. Chai anaiita "kesho". Daktari alisema ageuzwe kila baada ya muda, la sivyo ngozi itachubuka na kuoza. Basi ninageuza. Nashona upindo, nageuza. Natenga sufuria, nageuza. Kilimtoka kidonda kimoja nyongani kwa sababu nilipitiwa na usingizi juu ya cherehani. Kimepona sasa. Nilikiosha huku nalia, na yeye alikuwa ananitazama.

Kwa nini sikukuambia? Nilitaka uje kwa sababu umesema utakuja, si kwa sababu nimekuita. Nilifikiri utafika, utaona mwenyewe, na mimi sitalazimika kuyaandika haya. Hiyo ni sababu moja. Nyingine, nilijua unajifunza kitu cha hatari, nikasema asiende chini ya maji na mawazo ya huku. Kuna na ya tatu, hiyo sitaki kuisema. Na simu nilikuwa nakata kwa sababu ungenisikia ninavyohema.

Nimechoka. Nimeliandika ulione: nimechoka. Si ule uchovu wa kulala ukaamka umepona. Nachoka nikichana nywele. Nachoka mtu akiniuliza habari za asubuhi, kwa sababu inabidi nijibu. Rafiki yangu wa shule, yule mkunga aliyehamia mlimani, ana chumba kitupu na amekuwa akiniita tangu Mama yetu atutoke. Nataka kwenda kulala huko, mlango afunge mtu mwingine.

Njoo, mdogo wangu. Umefaulu, hujafaulu, waombe wakuruhusu, njoo.

Dada yako


24 Julai

Dada yangu,

Pole. Pole sana. Barua hii nimeianza nikaichana, nikaianza tena. Pole kwa mgongo, pole kwa usingizi, pole kwa yote uliyoyabeba ukinichekesha na sketi ya marinda. Mimi huku sijambo. Mvua zimekatika, maji yameshuka mpaka tope la ukingoni limepasuka. Yule jirani wa juu amehama kweli, na sasa kimya chake kinanikera kuliko viti.

Mambo ya likizo yanakwenda polepole. Kiuno aliumwa, mtihani ukasogezwa mbele, na bila mtihani wakubwa hawataki kusikia. Nimewaeleza hali ya nyumbani. Wanasema ngoja, nami nangoja. Si kwamba sitaki kuja, usifikirie hivyo hata kidogo.

Juzi nilikuwa nachota maji chini ya mnara, ndege wamejenga juu kwenye ngazi za chuma, makelele matupu, na nikamkumbuka Baba alivyokuwa anatuinua mmoja mmoja mpaka tuguse dari kwa viganja. Alama zetu zilibaki pale mpaka nyumba ilipopakwa rangi. Mtu yule alikuwa na mabega. Daktari hajasema kitu kingine? Hakuna dawa ya kuchua? Nasikia wako waliopona wakatembea wenyewe. Mpe salamu. Mwambie nakuja.

Mdogo wako


11 Agosti

Mdogo wangu,

Asiyefaulu haruhusiwi kuvuka maboya mekundu. Uliniandikia mwenyewe, mwezi wa tatu, barua ninayo. Na mnara uko mbali ng'ambo, ndiko alikopinduka Ngazi. Chini ya mnara ulifikaje?

Ulifaulu lini?

Baba hajambo. Jirani amesafiri, namgeuza peke yangu.

Dada yako


29 Agosti

Shikamoo, Dada.

Najua siku zote nakusalimia kienyeji kama tuliolingana. Leo nakuamkia, uitikie au usiitikie. Nimekaa kwenye benchi la stoo, nje mvua inanyesha nje ya msimu wake, na mzee wa maabara amenipisha bila kuuliza, maana ameuona uso wangu.

Nilifaulu tarehe nane Juni, asubuhi. Mchana wake ndipo nikakuandikia nikikuuliza unamgeuza nani. Kalamu ilipofika kwenye habari ya mtihani nikaandika "bado", na sikujishangaa. Kiuno hakuumwa. Hakuna mkubwa niliyemweleza chochote.

Ni maneno yako yaliyonifaulisha. Nilijipindua, nikatulia. Nikajiambia, mwache apumue, usimharakishe. Goti nikalikunja likabana ubavu wa kayaki, nikaipeleka nyonga, kichwa nikakisahau kabisa. Nikashtukia niko juu, jua machoni, Kiuno anapiga makofi kwenye gati kama aliyefaulu ni yeye. Wenzangu wakashangilia. Mimi nikalia, wakadhani ni furaha. Lakini barua yako nilikuwa nimeshaisoma vizuri, na goti lile nilishajua ni la nani.

Naogopa, Dada. Ni hilo tu, sina jingine la kujitetea. Majini siogopi tena, naweza kupinduka hata mara kumi nikarudi. Namwogopa Baba. Naogopa kumshika nyonga. Naogopa harufu ya chumba. Naogopa aniangalie asinijue, na zaidi naogopa anijue. Kila asubuhi nilisema leo nitaandika, na kila asubuhi kulikuwa na chupa za kujaza, na mtu mwenye chupa za kujaza anaweza kujiona ana kazi. Wewe unageuza, mimi nazunguka bwawa.

Ile sababu yako ya tatu, usiyotaka kuisema, nadhani naijua. Ulijua sitakuja.

Jana nimeomba likizo na wamenipa. Nitaingia na basi la mchana, katikati ya Septemba, nitakutumia ujumbe siku yenyewe. Usinipikie. Usinipokee stendi. Wewe fungasha tu.

Mdogo wako


3 Oktoba

Dada,

Umefika salama? Baridi ya mlimani vipi? Mkunga mpe salamu zangu na shukrani. Hapa hatujambo wote wawili. Paa la jikoni nimeliziba, sasa linavuja upande mwingine. Sare zilizobaki watu wamekuja kuzichukua, na mama mmoja aligoma kuondoka mpaka nimwonyeshe wewe uko wapi, alidhani nimekuficha. Ulipoondoka ulinipungia mkono mara moja, ukaingia kwenye gari, hukuangalia nyuma. Nikakuelewa.

Siku ya kwanza nilimgeuza vibaya. Yote uliyoandika nayajua kwa moyo, lakini kayaki haikutazami usoni. Aliponitazama nikasahau nyonga, nikashika bega, akanguruma kwa maumivu. Jirani alinisogeza pembeni, akasema, "Si ndiye wewe bingwa wa kugeuka?" Sasa tumezoeana. Kila ninachofanya namtangazia kama mpira wa redioni: sasa nakuja na goti, mzee, sasa nyonga hiyo inakwenda, inakwenda. Jana alisema "kesho", nikamletea chai, akainywa yote. Sijui kama ananijua. Nimeacha kuogopa hilo, nimebaki kutaka.

Mgongo unaniuma mahali ambapo sikujua kuna mgongo. Nasinzia nimekaa, kijiko mkononi. Sijui uliwezaje miezi yote hiyo na kushona juu yake, na kuniandikia utani. Mkono wake wa kushoto umejifunga ngumi na kiganja kimeanza kunuka. Sijui niufungue au niuache, naogopa kumvunja vidole.

Likizo inaisha mwisho wa mwezi. Ofisini wameandika kwamba nisiporudi kwa wakati, nafasi yangu majini anapewa mwingine, na mimi nikirudi nitakuwa wa kuosha chupa, nimefaulu, sijafaulu. Sikulazimishi, Dada. Ila nijue nijipange. Unarudi lini?

Mdogo wako


20 Oktoba

Mdogo wangu,

Marahaba, ile ya mwezi wa nane, ilinipita. Mimi ni mzima. Mkunga anakusalimu, anasema unaandika vizuri kuliko unavyoziba paa. Chumba kina dirisha moja na godoro gumu. Siku za mwanzo nilikuwa naamka mikono imeshanyooka kutafuta nyonga ya mtu, namkuta hayupo, nakaa kitandani sijui nifanye nini na mikono. Sasa siamki mpaka jua lichomoze. Nimeanza kushona kidogo, nguo za vichanga, vitu vidogo vinavyokwisha siku hiyo hiyo. Uso wangu umerudi kidogo. Mkunga ndiye aliyesema, mimi kioo sijakiamini bado.

Umeniuliza narudi lini. Swali nimelisoma tena na tena nikitafuta hasira, sikuipata. Najua unaipenda kazi yako. Najua ulivyoitolea jasho mwaka huu, na maji puani. Sirudi mwisho wa mwezi. Wala mwezi ujao sirudi. Waambie wampe mwingine nafasi. Nimeandika hivyo na sifuti, na Baba nampenda, unajua, na wewe nakupenda. Lakini nikirudi sasa nitakuja kumchukia, na yeye hajanikosea kitu. Usinipigie simu kunibembeleza, maana nitakubali.

Habari ya mkono. Ufungue, asubuhi, kabla hajachoka. Uloweke kwanza kwenye maji ya uvuguvugu. Anza na kidole gumba, kikitoka hicho vingine vinalegea vyenyewe. Osha kiganja, kikaushe sana katikati ya vidole, kisha mpe kitambaa kilichokunjwa akishike, kucha zisimchome. Kabla hujaweka kitambaa atakushika kidole, na atakishika kwa nguvu, hatakiachia. Mkunga ananiambia mtu akishika hivyo si kwamba amekutambua. Anasema ni mkono tu, unafunga chochote kinachopita ndani yake. Mimi nilikuwa sijui. Kila asubuhi nilidhani ananishika mimi.

Dada yako